Msaada: insha ya eksejesia ya Marko 5:21-43, maneno 3,000. Nianzie wapi?

Neema_Theo2

Bwana asifiwe wapendwa. Niko mwaka wa pili, shahada ya theolojia. Tumepewa insha ya eksejesia, yaani kuchambua maana ya andiko, Marko 5:21-43, habari ya Yairo na yule mwanamke mwenye kutoka damu. Maneno 3,000, tanbihi kwa mtindo wa Chicago, vyanzo visipungue kumi, muda wiki tatu. Maelekezo ya mwalimu ni mstari mmoja: "Nataka kazi ya matini, sitaki mahubiri." Kigiriki nimepita muhula mmoja. Kukisoma kwa sauti naweza, vitenzi vya wakati uliopo navijua, partisipio (maumbo ya kitenzi yanayofanya kazi kama kivumishi) ndiyo kwanza tumezigusa.

Naombeni mnisaidie:
1. Naanza na komentari (vitabu vya wafasiri wa Biblia) au Biblia yenyewe?
2. Hizi ni habari mbili au moja? Naweza kuchukua ya mwanamke peke yake, mst. 25-34?
3. Kigiriki kiasi gani kinatosha kwa mtu wa kiwango changu?
4. Maneno 3,000 nayagawaje?

Kalamu_ya_Mwanzi

Amina dada Neema. Naanza na swali la pili, maana ndilo linaloamua mengine yote. Usiikate. Marko ameiweka habari ya mwanamke ndani ya habari ya Yairo kwa makusudi, na si hapa tu: angalia 3:20-35, 6:7-30, 11:12-25 na 14:1-11. Anaanza habari ya kwanza, anaiacha njiani, anaingiza ya pili, halafu anarudi kumalizia ile ya kwanza. Ukibaki na 25-34 utakuwa na mwanamke aliyeponywa, lakini hutakuwa na baba anayesimama pembeni huku muda wa mwanawe ukiisha, na hapo ndipo Marko anapotaka msomaji asimame. Mipaka yenyewe haina ubishi: mst. 21 Yesu anavuka kwa chombo, anafika mahali pengine penye watu wengine. 6:1 anaondoka huko. Andika sentensi nne au tano, songa mbele. Kuna insha nyingi zinazomaliza ukurasa mzima kuthibitisha mipaka ambayo hakuna aliyeipinga.

Kuhusu komentari: zifunge kwa siku tano za kwanza. Mtu akishasoma mfasiri mmoja, macho yake huanza kuona alichoona yule, na insha inageuka muhtasari wa kitabu cha mtu. Siku hizo tano fanya hivi. Chapa karatasi yenye safu tatu, Mt. 9:18-26, Mk. 5:21-43 na Lk. 8:40-56, mistari inayolingana ikae sambamba. Chukua kalamu za rangi. Nyekundu pigia maneno yaliyomo katika Injili zote tatu, bluu yaliyomo kwa Marko na Mathayo tu, kijani kwa Marko na Luka tu. Yanayobaki bila rangi kwenye safu ya Marko ndiyo mtaji wako.

Utaona mambo haraka. Marko ana mistari 23, Luka 17, Mathayo 9. Kwa Mathayo binti amekwisha kufa baba anapofika (9:18), kwa hiyo hakuna wajumbe wa kuleta habari mbaya na kuchelewa hakuna uzito wowote. Kwa Marko binti yu katika kufa, hajafa, na kila dakika Yesu anayosimama kuuliza "ni nani aliyenigusa" inamgharimu Yairo. Luka anataja umri wa miaka 12 mwanzoni (8:42). Marko anauficha mpaka mst. 42, baada ya msichana kusimama na kutembea, ili uikumbuke ile 12 ya mst. 25. Jibu la wanafunzi katika mst. 31 ni la kukosa adabu kidogo; Luka analiweka kinywani mwa Petro na kulilainisha. Maneno ya Kiaramu yako kwa Marko tu. Kila tofauti iandikie sentensi moja: "Hili likiondolewa, habari inapoteza nini?" Sentensi zikifika kumi na tano, nusu ya insha unayo tayari.

Tahadhari moja kwenye safu ya Luka. Utakutana na maelezo kwamba Luka alipunguza lawama za mst. 26 dhidi ya matabibu kwa sababu naye alikuwa tabibu. Yanachekesha vizuri kanisani, ila kwenye insha ni dhaifu: Luka hufupisha Marko mahali pengi pasipo na tabibu yeyote, na tena maneno kuhusu mali kuishia kwa matabibu katika Lk. 8:43 hayamo katika baadhi ya hati muhimu za kale, Vaticanus ikiwemo.

Mgawanyo wa maneno: utangulizi na hoja kuu 200, mipaka na matini 250, mazingira ya kihistoria 300, muktadha ndani ya Injili na muundo 400, uchambuzi wa mistari 1,300, theolojia ya andiko 350, matumizi 200. Jumla 3,000. Panapoharibika sana ni mazingira ya kihistoria. Mwanafunzi anaanza na Marko alikuwa nani, aliandika wapi, mwaka gani, Warumi walitawalaje, na maneno 900 yameisha kabla hajamgusa Yairo. Weka tu historia inayofungua mstari fulani: mkuu wa sinagogi alikuwa na kazi gani, waombolezaji wa mst. 38 walikuwa akina nani. Basi.

Kwenye muktadha usiishie sura ya 5. Anza 4:35, ishia 6:6. Fuatisha imani na hofu: 4:40 wanafunzi wanaulizwa kama hawana imani bado, 5:33 mwanamke anaogopa na kutetemeka, 5:34 imani yake imemponya, 5:36 "Usiogope, amini tu", kisha 6:6 Yesu anastaajabu kwa kutokuamini kwa watu wa kwao. Huo mnyororo ni wa Marko, na hautauona ukisoma kwa vipande vya somo la Jumapili.

Mzee_wa_Koine

Nijibu la Kigiriki. Muhula mmoja unatosha ukijua pa kuchimba. Usijaribu kutafsiri mistari yote 23, utakwama mst. 22 na wiki itapita. Chagua sehemu tatu.

Ya kwanza ni mst. 25-27. Chukua maandishi ya Kigiriki (SBLGNT inapatikana bure, na STEPBible ya Tyndale House, Cambridge, nayo bure, inakuonesha umbo la kila neno ukiligusa). Pigia mstari kila partisipio inayomhusu mwanamke: ousa, pathousa, dapanesasa, opheletheisa, elthousa, akousasa, elthousa. Saba. Kitenzi kikuu hakijatokea bado. Kinakuja mwisho: hepsato, akagusa. Sentensi nzima imejengwa kama msongamano wa watu: kuwa na ugonjwa, kuteswa, kugharimika, kutofaidika, kuzidiwa, kusikia, kuja, ndipo mguso. Hii ni hoja unayoweza kuitoa kwa Kigiriki cha muhula mmoja, maana kazi yako ni kutambua umbo na kuhesabu. Ila usiseme "Marko alitumia partisipio kuonesha mateso". Sema sarufi inauchelewesha mguso, na mguso unakuwa kilele cha sentensi.

Ya pili, linganisha na mst. 22-23. Huko vitenzi viko wakati uliopo: erchetai, piptei, parakalei, anakuja, anaanguka, anasihi. Vinarudi tena mst. 35-40. Habari ya mwanamke haiendi hivyo. Baadhi ya wataalamu wanaona tofauti hiyo ya mtindo kuwa dalili kwamba habari hizi zilisimuliwa mbalimbali kabla ya kuunganishwa. Wengine wanasema ziliungana tangu mapokeo ya mdomo, kwa sababu tukio lenyewe lilitokea njiani. Hulazimiki kuamua. Taja pande zote mbili kwa sentensi tatu, halafu sema hoja yako inategemea andiko kama lilivyo sasa. Mwalimu ataona kwamba unajua mjadala upo.

Ya tatu ni thugater, binti. Mst. 34 Yesu anamwita mwanamke "Binti", mst. 35, angali akinena, wajumbe wanasema "Binti yako amekwisha kufa". Neno ni lile lile na Biblia yetu ya Union Version imelihifadhi, kwa hiyo hata msomaji wa Kiswahili analiona.

Mtego mkubwa ni sozo. Liko mst. 23, 28 na 34. Kamusi itakuambia maana zake ni kuponya, kuokoa, kuhifadhi. Usizimwage zote kwenye mstari mmoja ukasema mwanamke alipokea uponyaji, wokovu wa milele na ulinzi kwa pamoja. Neno hubeba maana inayotakiwa na sentensi yake, si kila kitu kilichoorodheshwa kwenye kamusi. Mtaalamu wa Biblia James Barr alilipinga kosa hilo mwaka 1961 na bado linaandikwa kila muhula. Ukitaka kusema sozo hapa linazidi mwili, toa ushahidi kutoka kwa Marko: mst. 29 amekwisha kupona, na kwa mwili kuponywa Marko ametumia kitenzi kingine, iaomai. Halafu mst. 34 Yesu anaongeza kitu baada ya hapo. Kutoka hapo unaweza kujenga.

Uhakiki wa matini, yaani kulinganisha hati za kale: taja mahali pawili tu. Mst. 36, parakousas dhidi ya akousas: Yesu aliyapuuza maneno ya wajumbe (au aliyasikia pembeni), au aliyasikia tu? La kwanza ni gumu zaidi na ndilo lililochaguliwa katika matoleo ya kitaaluma. Na mst. 41: hati za Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4 zina koum (Kiaramu cha "inuka"), Alexandrinus ya karne ya 5 ina koumi. Maana haibadiliki, ila onesha umeliona. (Na "kumi" ya Union Version si namba, jamani. Kuna waliokwisha kuijumlisha na ile 12.)

Mch_Mtarajiwa

Wachangiaji mmesema vizuri ila mmeacha kiini. Jambo kuu hapa ni unajisi. Kwa torati mwanamke huyu hakuruhusiwa kutoka nje, angeonekana angepigwa mawe. Ndiyo maana alikuja kwa nyuma. Yesu alivunja sheria hiyo ya Kiyahudi kwa kumkubali, kisha akashika maiti. Neema, weka hilo liwe hoja kuu, insha itasimama.

BintiLawi

Mchungaji, kwa heshima, hapo atakatwa alama. Afungue Walawi 15:25-30 asome polepole. Kinachosemwa: kitanda chake na kiti chake ni najisi, anayevigusa atafua nguo zake, ataoga, atakuwa najisi hata jioni. Damu ikikoma anahesabu siku saba, siku ya nane analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hakuna mawe, wala amri ya kujifungia ndani. Atakayetaja Hesabu 5:2, ile ni ya kambi jangwani. Kuihamishia kwenye mji wa Galilaya karne ya 1 kunahitaji ushahidi, na haitoshi kusema "inajulikana kwamba". Maiti nayo, Hesabu 19:11, inamtia mtu unajisi siku saba. Kuwa najisi si kuvunja sheria. Aliyemzika mama yake alikuwa najisi na alikuwa ametimiza wajibu.

Sisemi unajisi haumo. Lugha ya Walawi inasikika: maneno ya mst. 25 yanafanana na Septuaginta (tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale) ya Walawi 15:25, na "chemchemi ya damu" ya mst. 29 iko katika Septuaginta ya Walawi 12:7. Huo ni ushahidi halisi, autumie. Lakini apime na upande wa pili. Marko akitaka tufikirie usafi, anasema: 7:3-4 anasimama kueleza desturi za kunawa, na 1:44 mwenye ukoma anatumwa kwa kuhani. Katika sura ya 5 hakuna kuhani, hakuna sadaka, hakuna mtu kwenye umati anayeruka pembeni. Kinachotajwa waziwazi ni miaka 12, matabibu na fedha zilizokwisha. Ningempa unajisi maneno 150, na ningesema wazi kwamba ni mwangwi, si hoja inayotamkwa na andiko.

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini. Hoja ya "Wayahudi waliwadharau wanawake, Yesu akawakomboa" inasahau kwamba Yairo ni Myahudi, tena mkuu wa sinagogi, na amejitupa chini mbele ya watu kwa ajili ya mtoto wa kike.

Neema_Theo2

Mungu awabariki sana, nimechapa zile safu tatu tayari. Hoja kuu niliyoandika kwa sasa ni: "Andiko hili linaonesha kwamba Yesu ana mamlaka juu ya magonjwa na mauti." Inafaa? Na upande wa vyanzo kumi, naona komentari za bure mtandaoni ni nyingi, zinakubalika?

Kalamu_ya_Mwanzi

Hoja hiyo ni kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ijaribu hivi: ungeweza kuiandika ukiwa na Mathayo 9 tu mkononi? Ungeweza. Basi haijagusa kazi ya Marko. Jaribu kitu kama: "Kwa kuichelewesha safari ya kwenda kwa Yairo, Marko anamfanya mwanamke asiye na jina awe kielelezo cha imani ambayo mkuu wa sinagogi anaitiwa katika mst. 36." Hii inaweza kupingwa, na hoja isiyoweza kupingwa haiandikiwi maneno 3,000.

Ukishaichukua, inakupa njia ya kuwalinganisha. Yairo ana jina, ana cheo, anakuja kwa mbele. Mwanamke hana jina, amefilisika, anakuja kwa nyuma. Wote wawili wanaishia miguuni pa Yesu, mst. 22 na mst. 33. Mwanamke anagusa; kwa msichana Yesu ndiye anayeshika mkono. Lakini usikimbie yanayokusumbua. Mst. 33 mwanamke analetwa hadharani aseme kweli yote, mst. 43 wazazi wanakatazwa kabisa mtu asijue. Kwa nini moja liwe wazi na jingine lifichwe? Na mst. 39 Yesu anasema amelala: unasoma kwamba hakufa kweli, au unasoma kwa jinsi Yesu anavyoyatazama mauti? Kicheko cha mst. 40 kinadokeza kwamba wale waliokuwapo hawakuwa na shaka amekufa. Maswali haya mawili yape maneno 150 kila moja. Mwalimu atayatafuta hayo kwanza.

Mkutubi_wa_Kando

Habari ya vyanzo niachieni mimi. Nenda rafu ya 226.3 kama maktaba yenu inatumia mpangilio wa Dewey, BS2585 kama ni Library of Congress. Tafuta komentari za Marko za Guelich (1989), Marcus (2000), France (2002) na Yarbro Collins (2007). Watatu kati ya hao wanatosha; usichukue wote wanne ukakosa nafasi ya makala. Ongeza makala tatu za majarida (JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, inaruhusu kusoma kwa akaunti ya bure), kamusi moja ya Kigiriki, kitabu kimoja kuhusu muundo wa Marko, na usome Waafrika walioandika juu ya andiko hili hili. Musa Dube wa Botswana ameandika juu yake zaidi ya mara moja, likiwemo somo la mwaka 2004 katika mazingira ya UKIMWI. Wanawake wanatheolojia wa Afrika walipokutana Accra mwaka 1989 chini ya Mercy Amba Oduyoye, kumbukumbu za mkutano zilitoka mwaka uliofuata zikibeba maneno ya mst. 41 kwenye jalada. Musimbi Kanyoro wa Kenya alikuwa mhariri mwenza. Hapo una sehemu ya matumizi yenye mizizi, badala ya "sisi nasi tuwe na imani kama mwanamke huyu".

Komentari nyingi za bure mtandaoni ni za kale. Matthew Henry alifariki mwaka 1714. Msome kwa ibada ukipenda, ila usimhesabu kati ya kumi. Hakuijua Sinaiticus wala Vaticanus kwa namna zinavyotumika leo. Na ukiomba programu za akili bandia zikupe vyanzo, fungua kila kimoja mwenyewe mpaka ukurasa. Huwa zinatunga vichwa vya makala vinavyopendeza na namba za kurasa kabisa, na mwandishi wa kweli amewekwa juu yake.

Chicago: tanbihi ya kwanza ya kitabu huwa kamili, yaani mwandishi, jina la kitabu kwa italiki, mchapishaji na mwaka kwenye mabano, kisha ukurasa (mji ulidaiwa mpaka toleo la 17; toleo la 18 la mwaka 2024 haliudai tena). Baada ya hapo ni jina la ukoo, jina fupi la kitabu, ukurasa. Biblia haiingii kwenye orodha ya vyanzo. Andika (Mk. 5:34) ndani ya sentensi, na tanbihi moja mwanzoni iseme unatumia Union Version isipotajwa vingine.

Kwenye matumizi, mambo mawili. Matabibu wa mst. 26 si waganga wa kienyeji, usiwapige vita kupitia mstari huu. Kinachofanana na sisi ni familia inayouza shamba kulipia matibabu. Na "imani yako imekuponya" isitoke kwenye insha yako ikaenda kumwambia mgonjwa aache dawa. Andiko halimlaumu mwanamke kwa kwenda kwa matabibu, linasema walishindwa.

Neema_Theo2

Asanteni sana. La mwisho: tanbihi zinahesabiwa ndani ya 3,000?

Mkutubi_wa_Kando

Hutegemea chuo, soma mwongozo wa idara au muulize mwalimu mapema. Vyovyote iwavyo, usihamishie hoja kwenye tanbihi ili kubana nafasi. Tanbihi ikizidi mistari minne, ama ipandishe juu ama ifute.